Mwalimu Aliyewakataa Simba Wangu

Mwalimu wetu wa sanaa alikuwa anakula parachichi kwa kijiko siku aliponiambia kwamba simba wangu hawajawahi kuchoka. Nilikuwa nimewapanga mezani kwake, kila mmoja na manyoya ya shingoni yamechorwa unywele kwa unywele, nikisubiri sifa nilizozoea. Akawapitia polepole, akakwangua ganda la parachichi mpaka likaisha, akalamba kijiko.

"Umewahi kumwona simba, mwanangu?"

"Ndiyo, Madamu. Kwenye kalenda."

"Basi hawa ni simba wa kalenda. Wana afya njema mno. Hata nzi mmoja hawana."

Akaikusanya ile michoro, akanirudishia kwa heshima kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akaniambia niende nikale kabla maharage hayajapoa.

Tulimwita Madamu, kama wanafunzi wa sekondari wanavyowaita walimu wao wa kike wote, ila kwake neno lile lilikaa kama jina. Alifundisha kwenye shule ya wasichana pale Iringa, na darasa lake lilikuwa dogo kiasi kwamba miezi ya baridi sote tulijibana kwenye benchi za karibu na dirisha, pale jua linapoingia. Wenzetu wa masomo ya sayansi waliliita somo letu mapumziko. Yeye hakukasirika. "Waacheni," alisema. "Siku wakitaka kadi ya harusi watatukumbuka."

Habari ya wale simba inataka maelezo kidogo. Kwetu ni Ubaruku, kwenye mpunga. Baba yangu ni Msukuma, alishuka kutoka kaskazini na ng'ombe wake kabla sijazaliwa, akaweka makazi hapo, kwenye bonde la Usangu. Lakini likizo nyingi nilizimalizia Idodi kwa mjomba, ambaye ana kibanda cha vinyago kando ya barabara ya kwenda mbugani. Watalii walisimama kwake kunyoosha miguu. Mjomba aligundua mapema kwamba ninaweza kunakili chochote nikionyeshwa, basi akanipa kalenda ya zamani, nikaanza kumtolea simba, tembo, na machweo yenye mti mmoja. Picha zilinunuliwa. Nilifika kidato cha tano nikiwa na jina la msanii tayari, na kichwa kikubwa cha kulibebea jina hilo.

Ndiyo maana siku ile ya parachichi sikula maharage.

Madamu hakuwa mtu wa kulalamikia vifaa. Karatasi zilipokwisha alikwenda kuomba mitihani ya zamani, akaipiga pasi, tukachora upande usioandikwa. Mkaa wa kuchorea tulichoma wenyewe, vijiti vya mpera ndani ya kopo lililofunikwa, kwenye moto wa jiko la shule. Wapishi walimpenda na kumwogopa, maana kila alipoingia kuwasalimia kuna kitu kilitoka naye: maganda ya vitunguu, majivu, mwiko. Rangi ya njano ilitoka kwenye vitunguu hivyo. Nyekundu ilitoka kwenye udongo tuliokuwa tukiuchimba kando ya barabara, tukauchekecha kwa kipande cha chandarua na kuukoroga na gundi ya maji. Siku moja ugali wa shule nzima ulitoka wa rangi ya waridi. Mkuu wa shule akauliza kwenye paredi nani anajua chanzo. Madamu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Sufuria niliirudisha safi," alisema mbele ya watu wote. "Labda si safi sana."

Alikuwa Mnyakyusa wa Mbeya, mrefu, wa kupenda sweta. Sweta lake moja lilikuwa na mkono mmoja wa rangi ya asili na mwingine wa rangi zote duniani, kwa sababu alifutia brashi hapo. Jumapili aliimba kwaya kwa Walutheri, na sauti yake ilitangulia wenzake kidogo, kama mtu anayeujua wimbo unakwenda wapi na hana subira ya kungoja wengine wafike. Mwalimu wa kwaya alikwisha kukata tamaa. Alimweka mwisho wa mstari, karibu na mlango.

Hiyo haraka ndiyo iliyonishangaza kwake kuliko yote, maana sisi alituhubiria utulivu kutwa. "Picha ikikusumbua, ipe mgongo, ukanywe chai," alisema, na kwa kweli alitutoa darasani tukanywe chai. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kusubiri rangi ikauke. Aligusa. Kila picha aliyowahi kuichora ina alama ya kidole gumba mahali fulani, kwenye wingu au kwenye shavu la mtu, na akiulizwa anasema ndiyo sahihi yake.

Na kulikuwa na jambo la sebuleni kwake. Mtu aliyewakataa simba wangu kwa sababu ya kalenda, ungetegemea nyumbani kwake ukute nini? Tulipokwenda kumsalimia alipougua mafua, tulikuta ukutani picha kubwa ya milima yenye theluji, maporomoko ya maji, na swala wa nchi za watu, yote ndani ya fremu ya plastiki ya dhahabu. Chini yake maua ya plastiki. Tukatazamana. Rafiki yangu mmoja, ambaye hakuwahi kuwa na breki mdomoni, akasema, "Madamu, hii nayo je?"

"Hiyo naipenda," alijibu kutoka ndani ya blanketi. "Kwani mwalimu haruhusiwi kupenda?"

Akatuagiza tukatenge chai.

Kuna chuo cha sanaa nilichokitamani, na ili kukuita kwenye usaili walitaka kwanza kuona mkusanyo wa kazi zako, huo wanaouita potifolio: kazi dazeni moja, zako mwenyewe, zinazoonyesha wewe ni nani. Madamu ndiye aliyeniletea habari. Nilidhani kazi ninazo tayari, zimejaa begi zima. Baada ya ile siku ya parachichi nilibaki na begi tupu, na hasira.

Hasira yangu ilikuwa ya kimyakimya. Nikaamua kumkomesha kwa kumpa anachokitaka. Nilimchunguza anavyochora, mistari mipana ya mkaa, vivuli vizito, hapa na pale kupaka kwa kidole, nikaanza kufanya hivyo hivyo. Nilichora mabweni, wapishi, wanawake wanaopanda mlima na kuni. Zilitoka vizuri, mimi mwenyewe nilijionea. Nikampelekea wiki ambayo ukungu haukuinuka mjini hata mchana.

Alizitazama kwa muda mrefu. Safari hii hakuwa anakula kitu.

"Hii ni nzuri," alisema. "Na hii. Hii hapa ni nzuri kuliko ninavyoweza mimi." Kisha akaweka gumba lake juu ya doa la kivuli kwenye karatasi yangu, likakaa sawasawa. "Kabula, umeniibia kidole."

Nikasema, "Sasa Madamu unataka nini? Simba hutaki, hizi hutaki!"

Nilipandisha sauti, na kwa Madamu hatukupandisha sauti. Akavuta kiti akakaa karibu yangu.

"Kwenu kuna nini?" akauliza.

"Kwetu hakuna kitu. Ng'ombe tu na mpunga."

"Ng'ombe wangapi?"

"Baba hapendi wahesabiwe."

"Kwa nini hapendi?"

Nikaanza kueleza. Nikaeleza kuhusu baba na ng'ombe wake, jinsi anavyowaita kwa rangi zao na mabaka yao, jinsi anavyoweza kumtambua mmoja kwa mlio gizani, jinsi mama anavyomcheka kwamba angepewa kuchagua kati yake na fahali mwekundu angeomba muda wa kufikiri. Nikazungumza mpaka kengele ikalia. Madamu alikuwa ameegemeza kidevu mkononi.

"Hakuna kitu, eti," alisema.

Shida ilikuwa baba. Kusoma alikubali, tena kwa moyo, lakini alikuwa na safari yake kichwani: nisome, niwe daktari wa mifugo, ingawa sayansi nilikuwa nimeiacha. Habari za chuo cha sanaa alizisikia kwa mama, akanijibu kwa simu neno moja tu, "Picha?", kisha akaanza kuuliza habari za mvua ya Iringa. Nilimweleza Madamu kwamba jambo limekwisha. Akaniuliza basi la kwenda Ubaruku linaondoka saa ngapi.

Alikuja kweli, mwanzo wa likizo, akiwa na kofia ya ukindu na mfuko wa parachichi kwa ajili ya mama. Njiani ndani ya basi alikuwa amejifunza kwa abiria mmoja salamu ya Kisukuma. Alipofika uani, jua linakaribia kuzama, akapaza sauti kwa fahari: "Mwangaluka!"

Baba, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akinoa panga, alinyanyua uso. Hiyo ni salamu ya asubuhi.

"Mwadila," akamjibu taratibu, kumpa ya wakati wake. "Karibu, mwalimu. Umechelewa kidogo, au umewahi sana."

Mama alikimbilia jikoni kuficha kicheko.

Walizungumza mambo ya heshima kwanza, safari, mashamba, bei ya mpunga kiwandani. Chakula kikaliwa. Nilikaa nikisubiri Madamu aanze hotuba yake na nilikuwa namwombea. Hakuanza. Asubuhi, ng'ombe wakiwa bado zizini, akamwomba baba amwonyeshe yule fahali mwekundu. Baba akamwonyesha. Madamu akatoa karatasi na mkaa, akaegemea ua wa zizi, akachora. Baba akaja nyuma yake kutazama. Akatazama kwa adabu. Akajikuna kidevu. Mwisho adabu ikamshinda.

"Mwalimu, samahani. Huyu ni mbwa."

"Ni fahali wako huyu!"

"Ni mbwa mnene. Nundu umeiweka mgongoni, iko mbele hapa. Na shingo ya fahali haianzi pale. Jamani!" Akaanza kucheka. Sijui kama niliwahi kumwona baba akicheka hivyo mbele ya mgeni, mpaka akaegemea ua. "Mama Kabula, njoo uone, mwalimu amenichorea mbwa!"

Madamu alimpa karatasi aishike. "Mimi ni mtu wa migomba," alisema. "Ng'ombe siwawezi, sitakudanganya. Lakini kuna mtu hapa nyumbani anayeweza, kama ukimwambia anapokosea."

Baba akageuka kunitazama. Hakusema ndiyo, akasema, "Tutaona." Kisha akamshika fahali wake pembe, akamgeuza kuelekea kwenye mwanga ili nimwone vizuri.

Madamu aliondoka siku iliyofuata. Mimi nilibaki na mwalimu mwingine, mkali kuliko wa Iringa. Kila jioni baba aliporudi na mifugo aliniita nilete ya leo. Miguu ya nyuma mirefu mno. Huyu ana mimba, mbona hujamwonyesha mimba? Huyu mweusi hatembei hivyo, huyu ni mvivu, kichwa chake hukaa chini. Niliwachora wakivuka mfereji, nikachora vumbi lao, nikamchora mama akipepeta chenga za mchele nje ya kiwanda huku pumba zikimkaa kwenye nyusi. Siku moja baba hakutaja kosa lolote. Aliishika karatasi ya fahali mwekundu kwa mbali, akaileta karibu, akaipeleka kwa mbali tena.

"Huyu ni yeye," alisema. Kisha, baada ya kitambo: "Hicho chuo. Mabweni yao ni ya matofali?"

Nilirudi Iringa na mzigo wa karatasi uliofungwa kwa kanga ya mama. Madamu akafungua ukumbi wa shule, akavua viatu, akaniamuru nami nivue, tukatandaza kila kitu sakafuni na kuanza kutembea katikati ya ng'ombe, mifereji na mashine za kukoboa. Tulichagua mpaka zikabaki za kupeleka na moja zaidi. Akasimama mbele ya picha ya baba, ile niliyomchora amesimama mlangoni mwa zizi, akisubiri ng'ombe wa mwisho aingie.

"Toa hii," alisema. "Mguu wa kushoto umekosea. Uzito hauko juu yake. Walimu wa chuo watauona mlangoni kabla hawajakaa."

"Hapana."

Neno lilitoka lenyewe. Nililisikia likigonga ukuta wa ukumbi na kurudi.

"Hapana nini?"

"Mguu haujakosea, Madamu. Ulivunjwa na fahali kabla sijazaliwa. Wewe ulimwona amekaa, au ameegemea ua. Akisimama peke yake ndivyo anavyosimama. Hii siitoi. Toa nyingine."

Yeye akapiga magoti kwa shida, akaitazama ile picha kwa karibu, mguu ule mmoja, kwa muda wa mtu kusali. Alipoinuka aliniambia, "Haya. Mimi nimekosea," kisha akaanza kupiga makofi, peke yake, katika ukumbi mtupu, miguu peku. Alipiga mpaka mlinzi akachungulia dirishani kuuliza kama kuna mkutano.

"Kuna mkutano," akamjibu. "Tumepata msanii."

Niliitwa kwenye usaili, nikapokelewa. Siku jina langu lilipotoka nilimpigia simu, na alipiga kelele kiasi kwamba walimu wenzake walidhani kuna msiba, wakaja mbio. Nilisikia kupitia simu akiwaeleza, akiwaeleza tena, mara tatu, kila anayeingia. Baba yeye alinunua soda kwa ajili ya majirani wote na kuwaambia kwamba bintiye anakwenda kusomea ng'ombe kwa njia nyingine.

Miaka ikapita. Nilimaliza, nikapata kazi ya kuchora vitabu vya watoto, nikawa nakaa mbali. Madamu alistaafu, akarudi kwao Mbeya. Tulisalimiana kwenye simu sikukuu kwa sikukuu. Mwaka jana, nikiwa katikati ya kazi, akanipigia siku isiyo ya sikukuu.

"Kabula, unaweza kuja Mbeya?"

"Kuna nini, Madamu? Unaumwa?"

"Njoo tu. Ubebe brashi nyembamba, ile nyembamba kabisa."

Nilisafiri nikiwa na hofu yote ambayo mtu anaweza kupakia kwenye basi. Kutoka stendi nilichukua bajaji, na nilipomtajia dereva mtaa, akasema, "Aa, kwa Bibi wa Ukuta," bila kuuliza zaidi.

Ukuta wa uzio wake ulikuwa mrefu, unafuata barabara mpaka kona, na wote ulikuwa na watu. Mtaa mzima ulikuwa pale, wa ukubwa wa kweli, wamesimama bega kwa bega kwa rangi za mafuta: mama wa maandazi na beseni lake, fundi cherehani na futi ya shingoni, mchungaji, mzee mmoja mwenye redio, wanawake wa kikundi cha kufa na kuzikana wamevaa sare. Mashati yalikuwa na mikunjo, beseni lilikuwa na mvuke. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa na macho. Kila uso ulikuwa na nyusi, pua na mdomo, na katikati pamebaki tupu.

Yeye alikuwa amekaa kwenye stuli, chini ya ukuta, anapaka kiatu cha mtu. Amekonda. Alipoinua mkono kunipungia niliona mkono unatetemeka, na haukuacha kutetemeka hata alipouweka gotini.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, mwanangu. Usinitazame hivyo. Mkono umekataa kalamu lakini umekubali ukuta. Nguo, nyumba, beseni, nafanya mwenyewe. Macho yamenishinda. Nilimjaribu mchungaji akatoka kama ameona shetani, nikafuta. Basi nikawaambia watu wote watulie, mtu wa macho anakuja."

"Na wamesubiri?"

"Tangu msimu wa mahindi. Wananisumbua kila siku."

Kweli, habari ilikuwa imeshaenea. Kabla sijanywa chai watu walianza kutoka kwenye nyumba zao, mama wa maandazi akijifuta unga, fundi akiwa amevaa shati lile lile la ukutani. Walijipanga kila mmoja mbele ya picha yake. Nilipandishwa kwenye ngazi. Madamu akavuta stuli, akakaa nyuma yangu na kikombe, akawa msimamizi.

"Usimrembue huyo. Ana usingizi, mpe usingizi wake."

"Bibi, mimi sina usingizi!" akalalamika fundi, nasi tukamwona akipiga mwayo.

Nilichora mtaa ule siku hiyo na nyingine mbili. Kila niliyemmaliza alirudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara ili ajione. Mzee wa redio alisema hakujua kama watu wanamwona hivyo. Mama wa maandazi alijitazama akasema, "Ndaga fijo," asante sana, kisha akaleta maandazi, akarudi na mengine.

Mwisho kabisa, karibu na geti, alikuwepo mwanamke mrefu wa sweta. Madamu alikuwa amejichora mwenyewe, mdomo wazi, kichwa nyuma. Nikasogeza ngazi, nikachovya brashi, nikainua mkono hadi usoni pake, na hapo nikamsikia nyuma yangu.

"Huyo mwache."

"Kwa nini, Madamu? Wewe ndiye umebaki."

"Huyo amekamilika. Anacheka. Mimi nikicheka, macho hayaonekani."

Niligeuka kumbishia. Alikuwa amekwisha kuanza kucheka, chai inamwagika kwenye sweta, na mtaa wote unamfuata, na ilikuwa kweli, hayakuonekana.